Darubini janja ya milimita 50 hapa Kigoma: picha ni za kawaida tu, utamu uko kwenye namba

Wakuu habari za majukumu. Kuna watu wamenifuata pembeni wakiuliza kuhusu ile darubini janja ambayo klabu yetu ya sayansi hapa Kigoma tulichangishana tukanunua, kama ni kitu cha maana au ni mdoli wa wenye hela, sasa naona niandike mara moja yaishe. Brendi sitaji, sijalipwa na mtu, na hizi za saizi hii siku hizi ziko za makampuni kadhaa zinafanana karibu kila kitu. Yangu ni ile yenye lenzi ya milimita 50, sensa iko ndani, haina sehemu ya kuweka jicho kabisa, unaiwasha, unaiunganisha na simu kwa waifai yake yenyewe, unachagua kwenye apu unachotaka, inazunguka yenyewe inakitafuta inaanza kupiga.

Bei ukijumlisha usafiri na ushuru inapita milioni moja na nusu. Kwa mwalimu wa sekondari hiyo sio hela ya mchezo, ndo maana nasema tulichangishana.

Niseme mapema kabisa: kama unainunua ili upige picha za galaksi uweke stetasi, zipo, nzuri, watu watasema waoo, na baada ya mwezi itakaa kabatini. Sisi tuliinunua kwa kazi nyingine. Tulitaka kujua kama kidude hiki kinaweza kukwambia kitu cha kweli kuhusu asteroidi, yale mawe yanayopita jirani na dunia, kwa kupima mng'ao wake tu. Na hiyo review yangu yote iko hapo, mengine mtayaona kwenye video za wengine.

Wazo lenyewe tulilipata kwenye ile habari ya DART. Wanaokumbuka, NASA waliigonga asteroidi inaitwa Dimorphos makusudi kabisa, kwa saa zetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa nane na dakika 14. Dimorphos ni jiwe la mita 160 hivi linazunguka jiwe kubwa zaidi linaitwa Didymos, na kutoka duniani huoni mawe mawili, unaona nukta moja tu. Sasa walijuaje kwamba wamelisukuma? Kwa mng'ao. Kila jiwe dogo linapopita mbele au nyuma ya kubwa ile nukta inafifia kidogo, unapima muda kutoka dogo kupita mbele hadi kupita mbele tena, yaani mzunguko mzima. Kabla ya kugongwa ilikuwa masaa 11 na dakika 55, baada ya kugongwa ikawa masaa 11 na dakika 23 hivi. Yaani nusu saa nzima imepotea na hakuna aliyehitaji kwenda kule na rula. Alafu kilichonimaliza mimi ni kwamba kati ya waliokuwa wanapima usiku ule ule wa kugonga kulikuwa na watu wa kawaida wenye darubini janja kisiwani Réunion na mmoja Nairobi, data zao zikaingia kwenye jarida la Nature mwaka 2023, zikionyesha ile nukta iliongezeka mng'ao kwa zaidi ya magnitudi 2 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao, namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi), mara nane hivi, kwa vumbi lililoruka, na ikachukua siku kama 24 kurudi ilivyokuwa. Za kwao zilikuwa kubwa kuliko yetu, milimita 114. Lakini Nairobi jamani, sio Hawaii kwenye madarubini makubwa! Hapo ndo nikasema na Kigoma tunaweza.

Haya tuje kwenye mzigo wenyewe.

Muuzaji wa Dar alitutumia kwa basi, boksi limefika salama, ndani kuna mkoba mzuri wenye sponji, stendi fupi ya miguu mitatu, waya wa chaji basi. Stendi ni fupi mno, ukiiweka chini unainama kama unapanda mahindi na ukiiweka kwenye meza meza ikitikisika picha zimeharibika. Sisi tunaiweka juu ya tofali za nguzo ambayo fundi aliacha bila kumalizia, inakaa imara kuliko stendi yoyote. Kuiweka levo ni lazima, apu inakuonyesha duara na nukta unazungusha miguu mpaka zilingane, ukipuuza hapo inaanza kupoteza shabaha usiku katikati.

Apu yenyewe ni nyepesi, hata mtoto wa form one anaiendesha. Ila tatizo langu kubwa na apu ni kwamba imetengenezwa kwa watu wa picha. Inachukua ekspoja za sekunde 10 au 20, inazirundika, inazing'arisha, inakupa picha moja imependeza. Hiyo picha kwa kupimia haina thamani hata kidogo, kwa sababu ile kung'arisha imevuruga uhusiano kati ya mwanga ulioingia na namba iliyoandikwa kwenye pikseli, na pia inarundika kwa kufuata nyota, asteroidi yako inayotembea inageuka mstari. Unachotakiwa kufanya, na hii wameificha mbali ndani ya mipangilio, ni kuwasha ile ya kuhifadhi kila fremu peke yake kwa faili za FITS, yaani faili ghafi za kisayansi. Ukiwasha hiyo umepata chombo cha kazi. Usipowasha una kamera ya mapambo.

Faili zenyewe ni nyingi, usiku mmoja ni mamia kwa mamia, kuzihamisha kwa waifai yake utazeeka, tumia waya. Softwea tunayotumia kwenye laptopu ya shule ni ASTAP, ya bure, inafungua FITS, inatambua yenyewe unaangalia kipande gani cha anga, inakuandikia hadi asteroidi iko wapi kwenye fremu. Kupima ni hivi: unachora duara dogo kuzunguka asteroidi, softwea inajumlisha mwanga wote ndani ya duara, inatoa mwanga wa anga la pembeni, alafu inafanya hivyo hivyo kwa nyota za jirani ambazo mng'ao wake unajulikana tayari kwenye katalogi za Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota kutoka angani. Unalinganisha. Uzuri wa kulinganisha ni kwamba kikipita kiwingu chembamba, au ule ukungu wetu wa ziwani, vyote vinafifia pamoja kwa hiyo tofauti inabaki pale pale. Bila hiyo mbinu hapa Kigoma tusingepata chochote. Sensa ni ya rangi, sisi tunachukua pikseli za kijani tu maana ndo ziko karibu na kipimo cha kawaida cha mwanga unaoonekana.

Jaribio tulilolifanya ni kwa asteroidi inaitwa Eros. Tuliichagua kwa sababu majibu yake yanajulikana, huwezi kupima mizani mpya kwa mzigo usiojua uzito wake. Eros iligunduliwa 1898, ndo ya kwanza kabisa kujulikana kati ya hizi zinazokuja jirani, na mwaka 1901 bwana mmoja anaitwa Egon von Oppolzer akagundua mng'ao wake unapanda na kushuka. Chombo cha NEAR Shoemaker kikaenda kikaizunguka mwaka 2000 na kutua juu yake Februari 2001, kwa hiyo tunajua ni dude lenye urefu wa kilomita 34 hivi na upana wa 11, linajizungusha mara moja kila masaa 5 na dakika 16. Je, kidude cha milimita 50 juu ya tofali za Kigoma kitasema hivyo hivyo?

Kimesema. Tulipochora grafu, nukta zilikuwa zimetawanyika kidogo kama kuku kapekua lakini mawimbi yanaonekana waziwazi, mlima, bonde, mlima, bonde. Milima miwili kwa kila mzunguko mmoja, kwa sababu kitu kirefu kikijizungusha kinakuonyesha ubavu mara mbili. Mlima hadi mlima tulipata masaa mawili na dakika thelathini na kitu, mara mbili yake inaangukia pale pale kwenye 5 na robo. Vijana walipiga kelele mpaka majirani wakawasha taa, ambayo kwa kazi yetu sio msaada.

Kuna mzee mmoja mvuvi mstaafu anakaa jirani na tunapopimia, alikuja asubuhi kuuliza kelele za nini. Nikamwamkia, nikamwonyesha grafu kwenye laptopu.

"Kwa hiyo hilo jiwe mmeliona umbo lake?"

"Hapana mzee, tumeona nukta tu. Umbo tumelihesabu."

Akaangalia muda mrefu. "Hii si kama mtumbwi ukiwa mbali, mwanangu? Ukikupa ubavu unauona, ukigeuza pua kwako unapotea. Hata usipoona watu ndani unajua umegeuka."

Nimesomea fizikia chuo na sijawahi kusikia mtu analieleza vizuri hivyo. Na mfano wake unaenda mbali zaidi, maana ukiutazama mtumbwi kutoka juu mlimani ukiwa unajizungusha hapo hapo, unaona urefu wake muda wote, hakuna kupotea wala kutokea. Ndo kinachotokea kwa Eros, kuna vipindi tunaiangalia ubavuni na mng'ao unabadilika hadi magnitudi moja na nusu hivi, na vipindi tunaiangalia upande wa ncha yake na mabadiliko karibu yanaisha. Mwaka ule ule 1901 waliona mabadiliko makubwa, miezi michache baadaye yakafifia, watu wakachanganyikiwa. Kwa hiyo grafu ya usiku mmoja haikupi umbo, inakupa muda wa kujizungusha na dokezo kwamba ni refu. Umbo lenyewe unalipata ukikusanya grafu za miaka tofauti kutoka pembe tofauti, kuna hesabu zake, wanasayansi Kaasalainen na Torppa walizitoa mwaka 2001, na maumbo yaliyopatikana hivyo yako wazi kwenye hazina ya DAMIT ya Chuo Kikuu cha Charles huko Prague, unaingia unayaangalia bure.

Sasa ukubwa. Hapa ndo nataka watu wasidanganywe, maana muuzaji wetu kwenye simu alisema "inapima hadi saizi ya kimondo". Haipimi. Hakuna darubini ya mwanga wa kawaida inayopima saizi kwa mng'ao peke yake, hata iwe ya bei gani. Unachopata ni namba inaitwa H, yaani mng'ao wa asteroidi ukiiweka kwa hesabu kwenye umbali wa kawaida kutoka kwa jua na kutoka kwetu, imemulikwa usoni moja kwa moja. Lakini jiwe dogo jeupe na jiwe kubwa jeusi yanaweza kutoa mwanga sawa. Chukua H ya 22: kama uso unarudisha asilimia 40 ya mwanga ni jiwe la mita 85 hivi, kama unarudisha asilimia 4 tu ni mita 265. Namba ile ile! Ili utoke hapo unahitaji kupima joto lake kwa infraredi, ambayo kutoka chini hapa na ki-sensa hiki sahau. Ndo maana ile 2024 YR4 ilivyotangazwa, ambayo Februari 2025 uwezekano wa kutugonga mwaka 2032 ulifika asilimia 3.1 na magrupu ya WhatsApp yote yakawa ni hilo maana Afrika nayo ilikuwa kwenye mstari wa hatari, mng'ao ulisema inajizungusha kila dakika 19 na nusu hivi, lakini ukubwa wa mita 60 ulipatikana kwa darubini ya James Webb kupima joto. Hatari yenyewe ilishuka ndani ya siku chache walipoipima njia yake vizuri.

Wanafunzi huwa wanauliza kama tunaweza kujua ni ya chuma kama kile kimondo cha Mbozi. Kwa mng'ao wa kijani tu, hapana. Ukilinganisha rangi kwa filta tofauti unapata dokezo la aina ya mwamba, ila hii yetu haibadilishiki filta kirahisi.

Lakini ule muda wa kujizungusha msiudharau, unabeba mambo. Karibu asteroidi zote zenye zaidi ya mita 200 hivi hazijizungushi haraka kuliko mara moja kila masaa 2.2, na sababu inayokubalika ni kwamba nyingi sio jiwe moja, ni lundo la mawe na vumbi vilivyoshikana kwa graviti tu, likizidi hapo linasambaratika. Didymos yenyewe iko pembeni kabisa ya mpaka, masaa 2.26. Ukipata kidude kidogo kinachojizungusha kwa dakika chache kama YR4 unajua hapo kuna kitu zaidi ya graviti kinachokishikilia. Yote hayo unayapata kwa nukta inayopanda na kushuka, bila kugusa chochote.

Mazingira yetu sasa, maana review za wazungu hazikwambii haya. Anga la Kigoma ukitoka kidogo mitaa ya Mwanga na Gungu ni jeusi safi, wenzetu wa miji mikubwa wanalilipia nauli. Kiangazi kuanzia Juni hivi ndo msimu, ingawa Agosti na Septemba moshi wa mashamba unaweza kukuharibia usiku mzima. Kituko chetu ni ziwa. Usiku mzuri wa kupima ni usiku wa giza bila mwezi, na usiku wa giza ndo wavuvi wa dagaa wote wanaingia majini na taa zao, ukitazama magharibi Tanganyika imewaka kama Kariakoo. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, lakini na sisi tunapumzika, mwezi umefunika kila kitu. Kwa hiyo chini upande wa ziwa hatupimi, tunachukua mashariki na juu. Na juu nako kuna shida, hizi stendi za kuzunguka kushoto kulia na juu chini zinachanganyikiwa kitu kikipita utosini, na hapa kwetu karibu na ikweta vitu vingi vinapita utosini. Tarajia pengo kwenye grafu hapo.

Betri wanasema masaa sita. Ukiwasha hita ya lenzi, na kwa umande wa hapa lazima uiwashe, haifiki. Pawabenki inamaliza tatizo, umeme ukikatika ndo kwanza raha, mtaa mzima giza.

Mipaka yake: mpaka magnitudi 12 au 13 namba ni za kuaminika, zaidi ya hapo nukta zinatawanyika hadi huelewi. Vile vidogo vinavyotangazwa kwenye habari vingi ni magnitudi 18 na kuendelea, yaani mamia ya mara hafifu kuliko uwezo wake. Kwa hiyo sio chombo cha kulinda dunia, ni chombo cha Eros na wenzake wakubwa. Na kama mtu anakushawishi ununue kwa ajili ya Apophis, ile ya mita 340 hivi itakayopita usiku wa kuamkia 14 Aprili 2029 kwa saa zetu, umbali wa kilomita 32,000 tu, chini ya satelaiti za madishi yetu ya TV, mwambie hiyo Afrika tutaiona kwa macho, na itakuwa inakimbia upana wa mwezi mzima ndani ya dakika moja, hii apu sijui itaifuata vipi. Apophis nayo mng'ao wake ulishasema kitu: inajizungusha huku inayumba, kuna mzunguko wa masaa 27 na kidogo na mwingine wa masaa 263 ndani yake.

Kwa mtu mmoja nyumbani naipa mbili na nusu kwa tano. Kwa shule au klabu yenye laptopu na watu watatu wasioogopa usiku naipa nne, moja nimeitoa kwa stendi na kwa kuficha ile FITS.

Kitu kimoja bado kinatusumbua, mawingu ya ziwani yanatukata katikati. Kama kuna mtu Tabora anayo ya aina hii, au hata ya aina nyingine bora itoe faili ghafi, aniambie, tuchague asteroidi moja tupime usiku mmoja pande zote mbili, kwetu kukifunga kwenu kunaendelea. Ila lazima wote tulinganishe na nyota zile zile za Gaia na saa za simu ziwe zimejiseti kwa mtandao, vinginevyo grafu zenu na zetu hazitaungana.